Kadi za Msamiati katika Faili Moja: Matatizo ya Hifadhidata Ndogo na Utatuzi Wake, kwa Mfano wa Data za Kasongo na Kabambare

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu mtafiti wa msamiati amefanya kazi yake kwa kadi, au fishi kama zinavyoitwa huku kwetu Kongo. Kila neno huandikiwa kadi yake: kidahizo, ngeli, maana, mfano wa matumizi, mahali neno liliposikika na tarehe. Kadi hupangwa kialfabeti ndani ya sanduku, na sanduku hutunzwa mahali pasipofikiwa na mvua wala mchwa. Sisi tuliokusanya maneno ya Kiswahili cha Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, tulianza kwa njia hiyo hiyo. Baadaye kadi zetu zilihamia katika kompyuta, na hapo tukakutana na matatizo ambayo mafunzo yetu ya isimu hayakuwa yametuandaa kuyatatua.

Makala haya yanakusudia kueleza matatizo hayo na dawa zake. Yanahusu hifadhidata ndogo iitwayo SQLite, ambayo hutunza data zote katika faili moja. Hoja yetu ni kwamba makosa mengi yanayosingiziwa hifadhidata hii hutokana na mambo mawili: namna tunavyoiuliza maswali, na namna tunavyolishughulikia faili lake umeme unapokatika au tunapotaka nakala. Jambo la kwanza linamhusu mwanaisimu moja kwa moja, kwa sababu linategemea muundo wa neno la Kibantu. La pili linamhusu kila mtu mwenye kompyuta inayotegemea betri na jua.

1.1 Data zenyewe

Inafaa kwanza kueleza kwa nini data za aina hii hazina mbadala. Kiswahili kilifika Kasongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara waliotoka pwani. Kasongo ulikuwa mji wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, na Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya kwenda Ziwa Tanganyika. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka mji wa Kasongo mwezi wa Aprili 1893, lakini lugha haikuondoka na watawala wake. Ilibaki, ikaitwa Kingwana, ikaishi jirani na Kizimba, Kikusu na Kibangubangu, ikaazima kwao na wao wakaazima kwake. Sehemu ya msamiati huo imo vinywani mwa wazee tu. Mzee akifariki, hakuna maktaba tutakayokwenda kumtafuta. Kwa hiyo kadi moja inayopotea katika kompyuta yaweza kuwa neno lililopotea kabisa.

2.0 Hifadhidata isiyo na seva

Hifadhidata nyingi kubwa huhitaji seva, yaani programu inayokaa macho wakati wote ikingoja maombi kutoka kwa programu nyingine. SQLite haina seva. Ni mkusanyo wa taratibu unaoingizwa ndani ya programu nyingine na kufanya kazi humo, na data zake zote, yaani majedwali, mistari, safu na faharasa, hukaa katika faili moja la kawaida ambalo laweza kunakiliwa katika kijiti cha kumbukumbu, kile ambacho huku huitwa kle.

Ilianzishwa mwaka 2000 na mtaalamu Mmarekani D. Richard Hipp, alipokuwa katika kazi ya programu ya manowari ya Marekani. Programu ile ilikuwa ikishindwa kufanya kazi kila seva ya hifadhidata ilipokuwa imezimika, naye akajiuliza kama seva ilikuwa ya lazima. Toleo la tatu, ambalo ndilo tunalolitumia hadi leo, lilitoka mwaka 2004. Programu hii ni mali ya umma, haina leseni ya kununuliwa, na watunzaji wake wamekusudia kuihudumia hadi mwaka 2050. Maktaba ya Bunge la Marekani imeliingiza umbo la faili lake miongoni mwa maumbo inayoyapendekeza kwa uhifadhi wa data. Simu zote za Android zinayo ndani yake. Msomaji anayebeba simu hiyo mfukoni amekwisha kuwa mtumiaji wa SQLite, hata kama hajalisikia jina lake.

Kwa idara ndogo yenye kompyuta mbili na betri moja, sifa hizi ni kubwa. Hata hivyo, wepesi huu una sharti lake: kazi ambayo kwingine hufanywa na msimamizi wa seva, hapa humwangukia mwenye faili.

3.0 Majibu yanapochelewa

Malalamiko ya kwanza ya watumiaji ni kwamba kompyuta inachelewa kujibu. Wengi hufikiri kwamba dawa ni kununua kompyuta mpya. Kabla ya kufikia huko, ni vema kuiuliza hifadhidata yenyewe itakavyolitafuta jibu. Amri za SQL zina maneno yake maalumu ambayo hayatafsiriki, kwa hiyo tunaziandika hapa kama zilivyo. Tuchukue jedwali liitwalo maneno, lenye safu ya kidahizo:

EXPLAIN QUERY PLAN SELECT * FROM maneno WHERE kidahizo = 'sombe';

Amri hii haileti neno lenyewe. Inaeleza njia itakayofuatwa. Jibu likianza na SCAN, maana yake ni kwamba hifadhidata itapitia kadi zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemimina sanduku zima sakafuni ili atafute kadi moja. Jibu likianza na SEARCH, maana yake ni kwamba ipo faharasa, na hifadhidata itakwenda karibu moja kwa moja hadi mahali panapohusika. Katika orodha iliyopangwa yenye maneno 20,000, mtu anayegawanya orodha nusu kwa nusu hahitaji kulinganisha zaidi ya mara 15 kulifikia neno lolote. Bila mpango huo, huenda akalinganisha mara 20,000. Faharasa hutengenezwa kwa amri moja:

CREATE INDEX f_kidahizo ON maneno(kidahizo);

Hapa pana mtego ambao ulitusumbua kwa muda. Mtumiaji anayetaka vidahizo vyote vinavyoanza na ba- huandika LIKE 'ba%'. Hutarajia kwamba faharasa itatumika, lakini hifadhidata hurudi kwenye SCAN. Sababu ni kwamba LIKE kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, ilhali faharasa ya kawaida inazitofautisha, na mipango miwili isiyolingana haiwezi kusaidiana. Dawa ni kuitangaza safu tangu mwanzo kuwa kidahizo TEXT COLLATE NOCASE. Faharasa itakayojengwa juu ya safu hiyo itafaa kwa usawa na kwa LIKE pia, mradi alama ya % isitangulie.

3.1 Tatizo la mzizi

Sharti hilo la mwisho ndilo linalotuingiza katika isimu. Lugha nyingi za Ulaya huweka mzizi mwanzoni mwa neno na viambishi mwishoni, hivyo anayetafuta kwa mwanzo wa neno hupata jamaa nzima ya maneno. Katika lugha zetu viambishi hutangulia. Mwanafunzi anayetaka maneno yote yanayotokana na -lim- hana budi kuandika LIKE '%lim%', na alama ya % iliyotangulia huiondolea faharasa kazi yote. Ni sawa na kumwomba mtu atafute katika kamusi maneno yote yenye herufi fulani katikati. Mpangilio wa alfabeti haumsaidii hata kidogo.

Ucheleweshaji si hasara pekee. Jibu lenyewe huwa na makosa. Swali la '%lim%' litaleta mkulima na kilimo, ambayo tunayataka. Litaleta pia mlima, ulimi, limau na mwalimu, ambayo hayahusiani na kulima. Kwa upande mwingine, anayetafuta '%andik%' atapata maandiko na andikiwa, lakini atamkosa mwandishi, kwa sababu k ya mzizi imegeuka sh mbele ya kiambishi -i. Ndivyo ilivyo kwa pika na mpishi. Aidha, tofauti za lahaja zinaongeza tatizo: mtu na watu wa Kiswahili sanifu ni mutu na batu katika usemi wa watu wengi wa kwetu, na alfabeti itayatenganisha maumbo haya manne katika pembe mbalimbali za jedwali.

Dawa haiko katika kasi ya mashine. Iko katika uchanganuzi. Jedwali lipewe safu ya pekee ya mzizi, na mwanaisimu aijaze kwa mkono:

ALTER TABLE maneno ADD COLUMN mzizi TEXT;
CREATE INDEX f_mzizi ON maneno(mzizi);

Kuanzia hapo, swali la mzizi = 'andik' huleta mwandishi pamoja na maandiko, na mzizi = 'tu' huwakusanya mtu, mutu, watu na batu. Jibu hutoka mara moja, nalo ni sahihi. Kazi ya kuijaza safu hiyo ni ndefu, na hulazimisha maamuzi ambayo pengine tulikuwa tukiyaahirisha: je, neno hili ni la asili au la mkopo, na kama ni la mkopo, je, lina mzizi wa namna hiyo? Lakini maamuzi hayo ndiyo kazi tuliyosomea.

3.2 Matini ndefu

Kwa safu ya mifano ya matumizi, ambamo kila kadi ina sentensi nzima, faharasa ya kawaida haifai. SQLite ina jedwali maalumu la kutafuta ndani ya matini, liitwalo FTS5, lililoingizwa mwaka 2015. Hilo hutengeneza orodha ya maneno yote yaliyomo katika sentensi. Kasoro yake kwetu ni kwamba huchukua neno zima: alinipikia huorodheshwa kama alinipikia, na anayetafuta pik hataliona. Tangu mwaka 2020 imekuwepo njia nyingine, trigram, inayokata matini katika vipande vya herufi tatu tatu, hivyo vipande vya katikati ya neno hupatikana haraka. Hata hivyo njia hiyo haiwezi kutafuta kipande kilicho kifupi kuliko herufi tatu, na mwanaisimu wa Kibantu anakumbuka mara moja kwamba mizizi ya kula na kufa ni herufi moja moja. Safu ya mzizi haijapata mbadala.

Tuongeze tahadhari moja. Kila faharasa hulipiwa: huongeza ukubwa wa faili, na kila kadi mpya inapoingia ni lazima faharasa zote zirekebishwe. Tusitengeneze faharasa kwa kila safu. Tutengeneze kwa safu tunazoziuliza mara kwa mara, kisha mara mojamoja tutoe amri ya PRAGMA optimize, ili hifadhidata ijue faharasa ipi ina manufaa zaidi kwa swali lipi.

4.0 Neno lipo, lakini halipatikani

Tatizo la pili hushtua zaidi kuliko la kwanza. Mtumiaji analiona neno kwenye kioo, analiandika lilivyo katika swali, na hifadhidata inajibu kwamba halipo. Jambo hili lilitutokea katika maneno ya Kibangubangu tuliyoyaandika kwa alama za toni.

Herufi á inaweza kuandikwa katika kompyuta kwa njia mbili. Yaweza kuwa herufi moja, au yaweza kuwa herufi a ikifuatwa na alama ya toni iliyo herufi ya pekee. Jicho halioni tofauti. SQLite inaiona, kwa sababu inalinganisha baiti kwa baiti: umbo la kwanza lina baiti mbili, la pili lina tatu. Kadi zilizochapwa kwa kompyuta ya ofisini zilifuata njia moja, na zile zilizochapwa kwa simu tukiwa Kabambare zilifuata nyingine. Neno moja likawa maneno mawili.

Kugundua kosa hili ni rahisi. Amri ya SELECT kidahizo, length(kidahizo) FROM maneno huonyesha idadi ya herufi za kila neno. Neno lenye herufi nne kwa macho, lakini tano au sita kwa hesabu ya mashine, limeandikwa kwa umbo la kutenganisha. Kulirekebisha ni kazi inayofanywa nje ya hifadhidata, kwa programu ndogo inayogeuza maneno yote kuwa na umbo moja kabla ya kuingizwa. Kumbuka kwamba herufi ɛ na ɔ zikiwa na alama ya toni hazina umbo la kuunganishwa hata kidogo. Kwa hiyo kanuni ichaguliwe mapema, iandikwe, na ifuatwe na wote.

Yafaa pia kujua kwamba NOCASE tuliyoitaja hapo juu inazijua herufi 26 za kawaida tu. Kwake, Á na á ni herufi mbili tofauti. Na FTS5, kwa desturi yake, hupuuza alama zilizo juu ya herufi anapotafuta mtumiaji. Kwa msomaji wa Kifaransa huo ni msaada. Kwa mtafiti wa toni, ambaye maneno yake mawili hutofautiana kwa toni tu, huo ni upotoshaji, na ni lazima desturi hiyo izuiwe jedwali linapoundwa.

5.0 Kuandika polepole na kufuli

Tatizo la tatu hujitokeza wakati wa kuingiza kadi nyingi kwa pamoja. Kila amri ya kuingiza kadi, ikiachwa peke yake, ni muamala mzima: hifadhidata huandika, kisha hungoja mpaka diski ithibitishe kwamba maandishi yamefika. Diski ya kuzunguka yenye mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na kila muamala huhitaji takriban mizunguko miwili. Hivyo haiwezekani kupita miamala 60 hivi kwa sekunde. Kadi 12,000 zitachukua zaidi ya dakika tatu. Kadi hizo hizo, zikifungwa katika muamala mmoja kwa BEGIN mwanzoni na COMMIT mwishoni, huweza kuingia kwa chini ya sekunde moja, kwa sababu kungoja kunafanywa mara moja tu.

Muamala una faida nyingine iliyo kubwa kuliko kasi. Yote yaliyomo ndani yake huingia pamoja au hayaingii kabisa. Umeme ukikatika katikati, hakutakuwa na kidahizo kisicho na maana yake wala maana isiyo na kidahizo. Ndiyo maana kadi moja, hata ikigusa majedwali matatu, yafaa iwe muamala mmoja.

Wakati mwingine hifadhidata hukataa kuandika na kutoa ujumbe «database is locked», yaani imefungwa kwa kufuli. SQLite humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Mara nyingi sababu ni programu nyingine iliyoachwa wazi na muamala ambao haujamalizwa: mtu amebadili kadi, hajabonyeza kitufe cha kuhifadhi, amekwenda kula. Dawa ya kwanza ni kumaliza muamala huo. Ya pili ni amri ya PRAGMA busy_timeout = 5000, inayomwambia mwandishi angoje hadi sekunde tano kabla ya kukata tamaa. Ya tatu ni kuingia katika utaratibu wa WAL, uliopo tangu mwaka 2010, ambao huwaacha wasomaji waendelee kusoma wakati mmoja anaandika. Lakini WAL inadai wote wawe katika kompyuta moja. Faili lililowekwa katika folda ya pamoja ya mtandao ili ofisi mbili ziliandike ni hatari kwa utaratibu wowote, kwa kuwa kufuli za mtandao haziaminiki.

Baadhi ya washauri husema kwamba PRAGMA synchronous = OFF huongeza kasi. Ni kweli, kwa sababu huiondolea hifadhidata wajibu wa kungoja diski. Mahali ambapo umeme haukatiki, shauri hilo laweza kuvumiliwa. Mahali ambapo betri ya jua huisha bila taarifa, ni kuliuza faili kwa sekunde chache. Ukitumia WAL, daraja la NORMAL linatosha: huenda ukapoteza miamala ya mwisho umeme ukikatika, lakini faili halitavurugika.

6.0 Faili linapoharibika

Tufikie sasa jambo lililotufanya tuandike makala haya. Katika utaratibu wa kawaida, kabla ya kubadili ukurasa wowote wa faili, SQLite kwanza hunakili ukurasa wa zamani katika faili jingine, ambalo tutaliita shajara. Kama faili ni maneno.db, shajara ni maneno.db-journal. Muamala ukimalizika salama, shajara hufutwa. Umeme ukikatika katikati, shajara hubaki. Safari ijayo faili linapofunguliwa, hifadhidata huiona shajara, hurudisha kurasa za zamani mahali pake, na kila kitu huwa kama kilivyokuwa kabla ya muamala. Mtumiaji hata hajui kwamba kumetokea jambo.

Jioni moja betri iliisha nilipokuwa nikiingiza kadi za safari ya Kabambare. Asubuhi, kabla ya kufungua programu, nilisafisha folda. Niliona faili dogo lenye jina la ajabu kando ya faili langu, nikadhani ni takataka ya mashine iliyozimika vibaya, nikalifuta. Ilikuwa shajara. Nilipofungua hifadhidata nikapata ujumbe «database disk image is malformed».

Amri ya PRAGMA integrity_check, ambayo kwa faili zima hujibu ok, ilitoa orodha ndefu ya makosa. Nilitumia amri ya .recover, iliyoongezwa mwaka 2019 katika programu ya mistari ya amri ya SQLite. Hiyo husoma kurasa zinazosomeka, hujenga faili jipya, na mistari isiyojulikana jedwali lake huiweka katika jedwali liitwalo lost_and_found. Sehemu kubwa ya kazi ilirudi. Lakini maana za vidahizo kadhaa hazikurudi, miongoni mwao majina ya sehemu za mtego wa samaki tuliyopewa na mzee mmoja wa Kabambare. Daftari la safari ile lilikwisha kuliwa na mchwa, na mzee mwenyewe alikwisha kufariki. Majina tunayo. Jina lipi ni la sehemu ipi, hatujui tena.

Hakuna kasoro ya programu katika kisa hiki. SQLite ilifanya yote iliyoahidi, nami nikautupa ufunguo wake. Kutokana na kisa hicho tunatoa makatazo matatu. Kwanza, faili lolote linaloishia na -journal, -wal au -shm kando ya hifadhidata lisifutwe, lisipewe jina jingine, wala lisitenganishwe na mwenzake. Pili, baada ya umeme kukatika, hatua ya kwanza ni kuifungua hifadhidata kwa programu yake na kuiacha ijirekebishe, kabla ya kunakili chochote. Tatu, faili lililo wazi lisinakiliwe kwa njia ya kawaida ya kunakili mafaili, kwa sababu nakala yaweza kuchukua nusu ya zamani na nusu mpya.

7.0 Utaratibu unaopendekezwa

Nakala salama hutengenezwa na hifadhidata yenyewe, hata inapotumika:

VACUUM INTO 'nakala.db';

Amri hii, iliyopo tangu mwaka 2019, hutoa faili jipya lililo kamili na lisilo na nafasi tupu ndani yake. Sisi sasa tunafuata utaratibu huu kila Ijumaa, kabla ya betri kushuka:

(a) Kumaliza miamala yote na kutoa amri ya PRAGMA integrity_check. Jibu lisipokuwa ok, nakala ya zamani isiguswe mpaka sababu ijulikane.

(b) Kutengeneza nakala kwa VACUUM INTO, na kuipa jina lenye tarehe.

(c) Kuifungua nakala hiyo katika kompyuta ya pili na kuhesabu kadi zake. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa si nakala, ni matumaini.

(d) Kupeleka nakala moja nje ya mji, kwa msafiri anayekwenda Kindu au kwa intaneti inapopatikana.

(e) Kila muhula, kutoa data zote katika matini ya kawaida kwa amri ya .dump, na kuchapisha kwenye karatasi zile kadi ambazo mtoa habari wake hayupo tena.

Pamoja na hayo, jedwali liundwe kwa uangalifu. SQLite huvumilia mno: safu iliyotangazwa kuwa ya namba itapokea maneno bila kulalamika, isipokuwa jedwali limeundwa kwa neno STRICT, lililoongezwa mwaka 2021. Vilevile uhusiano kati ya jedwali la vidahizo na jedwali la maana haulindwi mpaka amri ya PRAGMA foreign_keys = ON itolewe, na hiyo hutolewa upya kila faili linapofunguliwa. Anayeisahau ataweza kufuta kidahizo na kuacha maana yake ikielea bila mwenyewe.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba hifadhidata ndogo yaweza kuitumikia vizuri idara ya lugha iliyo mbali na miji mikubwa, mradi wenye kuitumia wajue tabia yake. Kuhusu kasi, tumeona kwamba faharasa hufuata mwanzo wa neno, ilhali maana ya neno la Kibantu hukaa katika mzizi. Kwa hiyo kabla ya kutafuta fundi, tuchanganue maneno yetu. Kuhusu usalama, tumeona kwamba faili moja ni rahisi kubeba na ni rahisi kupoteza, na kwamba shajara iliyo kando yake ni sehemu ya faili hilo.

Tunawaomba wenzetu wenye mikusanyo ya aina hii, hasa wanafunzi wanaoandika tasnifu za mwisho, wasingoje mpaka wapate ujumbe wa makosa. Watoe leo amri ya integrity_check, watengeneze nakala, na waifungue nakala hiyo mahali pengine. Kazi hiyo haichukui nusu saa. Sisi tuliichelewesha, na sasa tunatafuta Kabambare mvuvi mwingine ambaye bado anazijua sehemu za mtego ule.